Kwa nini jenereta inakuwa nzito ukiwasha taa

Kuna video moja inarudi kila baada ya miezi kadhaa, wanabadilika tu watu na mashine. Mota imefungwa mkanda na altaneta ya gari, altaneta inatoa umeme, umeme unarudi kwenye ile ile mota, halafu jamaa anachomoa betri na kila kitu kinaendelea kuzunguka na taa inawaka. Chini yake maswali ni yale yale: mbona mainjinia hawafanyi hivi, mbona watu wanahangaika kujenga mabwawa wakati mota na altaneta zinatosha? Na wala sio maswali ya kipuuzi, ni maswali ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kinachotokea ndani ya hicho chuma kinachozunguka. Wapo walioshatoa akiba zao kununua vifaa vya namna hii, ndo maana nimeona niandike kwa urefu.

Tuanze na maneno, manake hapa ndo watu wengi wanapotelea. Volteji ni msukumo. Mkondo ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja, unapimwa kwa ampia. Ukizidisha hivyo viwili unapata wati, yaani kasi ambayo nishati inatumika, kwa mfano volti 230 mara ampia 10 ni wati 2300. Nishati yenyewe ni kasi hiyo ukiizidisha na muda, wati 1000 kwa saa moja ndo ile uniti moja tunayoijua kwenye mita. Kwa hiyo mtu akikwambia kifaa chake "kinatoa volti 230" hajakwambia kitu bado. Volti 230 unaweza kuzipata hata kutoka kwenye kibetri kidogo kwa kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa majumbani), shida inakuja pale unapotaka ampia.

Halafu kuna hili neno "kuzalisha". Linatupotosha kidogo, linafanya tuone kama mashine inajifungua umeme. Ukweli ni kwamba jenereta ni kama mtu wa kubadilisha fedha: unampa fedha ya aina moja anakupa ya aina nyingine, na kila ukipita kwake anakata chake. Hana hela yake ya kukugawia. Jenereta unaipa mzunguko, yaani kazi ya mkono au ya injini au ya maji, inakurudishia umeme pungufu kidogo ya ulichotoa. Mota ni kinyume chake, unaipa umeme inakurudishia mzunguko, nayo inakata.

Sasa kwa nini kuzunguka? Mwaka 1831 Michael Faraday kule London aligundua kwamba sumaku ikikaa tu karibu na koili ya waya hakuna kinachotokea, ila ukiisogeza, muda ule ule inaposogea, umeme unapita kwenye waya. Ukisimama, umeme unakatika. Kinachozaa msukumo ni mabadiliko ya sumaku mbele ya waya, sumaku peke yake hata iwe kali vipi haitoi kitu. Ukitaka umeme usiokatika inabidi sumaku isiache kusogea, na njia rahisi kuliko zote ya kusogea bila kusimama na bila kuondoka mahali ulipo ni kuzunguka. Ndo siri yote ya umbo la hizi mashine, hakuna zaidi. Mwaka uliofuata, 1832, Hippolyte Pixii kule Paris akatengeneza mashine ya mkono inayozungusha sumaku mbele ya koili, na akakutana na jambo ambalo wakati ule lilionekana kero: umeme ulikuwa unageuka geuka. Ncha ya kaskazini ikipita unaenda huku, ya kusini ikipita unarudi kule. Huo ndo umeme unaopita majumbani mpaka leo. Ukisikia hezi 50 maana yake unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na jenereta yenye ncha mbili tu za sumaku inabidi izunguke mara 3000 kwa dakika kuutoa. Ukiwa na ncha 4 inatosha 1500. Mitambo ya maji inayozunguka polepole wanaongeza ncha, rota (ile sehemu inayozunguka) ya mizunguko 75 kwa dakika inahitaji ncha 80 ndo itoe hezi 50 zile zile.

Na hapa niondoe dhana moja: sumaku sio mafuta ya jenereta. Haitumiki ikaisha kadiri unavyowasha taa. Kwenye mashine kubwa hata sio sumaku ya kudumu, ni koili ya shaba kwenye rota inayopewa umeme kidogo ili igeuke sumaku. Hata jenereta nyingi ndogo za petroli ziko hivyo, zinategemea mabaki kidogo ya usumaku kwenye chuma chake ili zianze, ndo maana jenereta iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa unaweza kukuta injini inanguruma vizuri kabisa ila umeme hakuna, mpaka fundi airudishie usumaku kwa betri.

Tufike kwenye kiini. Kama uliwahi kuendesha baiskeli yenye dinamo unalijua jambo hili kwa miguu yako hata kama hujawahi kulipa jina: ukiibonyeza dinamo iguse tairi, taa inawaka na pedali zinakuwa nzito. Sehemu ya uzito huo ni msuguano wa kawaida tu, lakini sehemu nyingine ni umeme wenyewe. Mkondo ukishaanza kupita kwenye koili, koili nayo inakuwa sumaku, na sumaku hiyo mpya siku zote inasimama upande wa kupinga mwendo ulioizaa. Ncha ikija inaisukuma isije, ikiondoka inaivuta isiondoke. Heinrich Lenz aliiweka kanuni hii wazi mwaka 1834 na haijawahi kukutwa na dosari.

Unaweza kuijaribu mwenyewe. Tafuta mota ndogo yenye sumaku ndani, mfano iliyotolewa kwenye printa iliyokufa, izungushe shafti kwa vidole nyaya zake zikiwa zimeachana, sikia wepesi wake. Sasa zigusishe zile nyaya mbili zishikane, zungusha tena. Imekuwa nzito kama imepakwa gundi ndani, wakati hujaongeza kitu chochote zaidi ya kuruhusu mkondo upite! Ukiachanisha nyaya wepesi unarudi hapo hapo. Mimi naona jaribio hili lina thamani kuliko kurasa mia za maelezo, manake ule uzito unaousikia kwenye vidole ndo gharama ya umeme. Kila wati inayotoka kwenye waya imelipwa na mtu au kitu kinachosukuma shafti dhidi ya uzito huo.

Na fikiria ingekuwa kinyume, koili isaidie mwendo badala ya kuupinga. Ungegusa shafti kidogo tu, mkondo ungeanza, ungeisukuma shafti iende kasi zaidi, mkondo ungeongezeka, ingeenda kasi zaidi tena, bila kikomo. Dunia haifanyi kazi hivyo.

Uzito huo unausikia hata kwa masikio. Jenereta ya petroli ikiwa imewashwa bila mzigo inanguruma kwa raha, mtu akichomeka pasi unasikia inashtuka, sauti inazama sekunde moja, halafu gavana (kifaa kinacholinda mwendo wa injini) inafungua mafuta zaidi na injini inapanda tena. Hakuna kitu kilichoigusa injini moja kwa moja. Kilichotokea ni kwamba mkondo umepita kwenye koili na shafti imekuwa nzito. Ndo maana pia sio kweli kwamba jenereta inakula mafuta yale yale uwe umewasha taa moja au nyumba nzima. Ila kuna kiasi inakula ili izunguke tu, kwa hiyo jenereta kubwa kwa ajili ya taa moja ni hasara, mafuta mengi yanaishia kwenye kujizungusha.

Sasa chukua jambo hilo hilo ulikuze liwe la nchi nzima. Kwenye nyaya za gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, hakuna ghala la umeme, kinachotumika sekunde hii kinatengenezwa sekunde hii. Watu milioni wakiwasha taa jioni, kila jenereta iliyounganishwa inakuwa nzito kidogo, zote kwa pamoja, hata iliyoko mamia ya kilomita kutoka kwako, na zote zinapungua mwendo kidogo kwa pamoja. Hezi 50 inakuwa 49.9. Gavana za mitambo zinaona upungufu huo, zinafungua maji zaidi au mvuke zaidi, mwendo unarudi. Kinachozuia mwendo usianguke ghafla kabla gavana hazijawahi ni uzito wa rota zenyewe, vyuma vya makumi mpaka mamia ya tani vinavyozunguka kwa kasi, havisimami kirahisi, vinatoa nishati iliyomo kwenye mwendo wao na kununua sekunde chache za thamani sana. Mzigo ukizidi kweli kweli na hezi ikashuka mpaka maeneo ya 49 au chini ya hapo, vifaa vya kinga vinaanza kukata baadhi ya maeneo vyenyewe ili gridi nzima isianguke. Kukatiwa kwa namna hiyo kunaudhi, najua, lakini mbadala wake ni giza la nchi nzima. Paneli za jua hazina kinachozunguka, zinapitia inveta, kwa hiyo nchi zinazoongeza jua kwa wingi zinalazimika kutafuta namna nyingine ya kupata zile sekunde, kama betri kubwa zinazojibu haraka, au hata rota nzito zinazozungushwa bila kuzalisha chochote ili tu uzito wake uwepo.

Nani anasukuma hizo shafti? Karibu kila mara ni turbini, gurudumu lenye mapanga linalopigwa na maji, mvuke, gesi ya moto au upepo. Makaa ya mawe, nyuklia na joto la ardhini vinasikika kama vitu tofauti kabisa lakini vyote vinaishia kwenye mvuke unaozungusha turbini, tofauti ni jiko tu. Jenereta kubwa yenyewe inakata kidogo sana, inarudisha zaidi ya asilimia 98 ya mzunguko inaopewa kama umeme. Hasara kubwa iko kwenye joto kabla ya kufika hapo, mtambo wa makaa kwa kawaida unageuza asilimia 35 mpaka 40 hivi tu ya joto lake kuwa umeme. Maji hayana shida hiyo ila yanadai wingi: ili upate uniti moja tu inabidi karibu tani 4 za maji zidondoke kutoka urefu wa mita 100. Uniti moja! Na mtu mwenye afya akipiga pedali kwa wati 100 bila kupumzika atahitaji saa 10 kuifikisha. Ukishazijua hizi namba huwezi kuangalia bwawa tena ukadhani watu wanajenga kwa kukosa akili.

Mota sasa. Kwa ndani mota na jenereta ni ndugu wa tumbo moja, kwa aina nyingi ni mashine ile ile. Kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873 ilionyeshwa kwamba mashine ya Zénobe Gramme, iliyotengenezwa kama jenereta, ukiipa umeme kutoka kwa mwenzake inazunguka yenyewe. Gari la umeme linafanya hivyo kila siku, ukikanyaga mafuta mashine ni mota, ukiachia ile ile inakuwa jenereta na ule uzito wake ndo unapunguza mwendo wa gari huku betri ikipata kidogo.

Lakini kuna jambo wengi hawalijui: mota hata ikiwa inafanya kazi ya mota bado ni jenereta. Inapozunguka, koili zake zinapita mbele ya sumaku, kwa hiyo zinazaa volteji, na volteji hiyo inasukuma kinyume na umeme unaoingia. Chukua mota ndogo ya volti 12 ambayo koili yake ina ukinzani (kiasi waya unavyozuia mkondo) wa ohmu 1. Ikiwa imesimama, ampia 12 zinapita. Ikishika kasi ikawa inazaa volti 11 za kupinga, kilichobaki ni volti 1, ampia 1 tu. Hapo unaelewa mambo mengi kwa mpigo: kwa nini taa zinafifia pampu inapowaka halafu zinarudi, kwa nini mota kubwa nyingi zinavuta mara 5 mpaka 8 ya mkondo wa kawaida pale zinapoanza, kwa nini jenereta inayotosha friji likishaanza inaweza kushindwa kuliwasha, na kwa nini mota iliyokwama inaungua. Haiungui kwa kuchoka, inaungua kwa sababu haizunguki, haina cha kupinga, mkondo unaingia wote na kugeuka joto. Ukisikia mota inavuma bila kuzunguka zima hapo hapo, usisubiri.

Mota nyingi za viwandani na kwenye pampu hata hazina waya unaopeleka umeme kwenye rota. Wazo hilo lilifikiwa na watu wawili karibu wakati mmoja, Galileo Ferraris kule Turin na Nikola Tesla kule Marekani, wote wakaliweka hadharani mwaka 1888, na mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akalipa umbo la fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayopokezana kwa zamu, ambalo kimsingi ndo tunalitumia mpaka leo. Fikiria bembea ya kuzunguka ya watoto na watu watatu wamesimama pande tatu, kila mmoja anasukuma zamu yake ikifika. Koili za fezi tatu zinafanya hivyo hivyo, zinapokezana mpaka usumaku wenyewe unazunguka ndani ya chuma kilichosimama. Rota katikati inauona usumaku unapita, mkondo unazaliwa ndani yake, na kwa sababu siku zote inapinga mabadiliko, njia pekee ya kuyapunguza ni kuufukuza ule usumaku. Haiufikii kamwe. Usumaku unazunguka 1500 kwa dakika, kibao cha mota kinakwambia 1440 au namba kama hiyo, watu wanadhani ni ubovu wa kiwanda. Ikiufikia hakuna mabadiliko, hakuna mkondo, hakuna nguvu, kwa hiyo lazima ibaki nyuma kidogo. Na ukiipeleka mota hiyo kwenye hezi 60 inakimbilia karibu 1800, jambo wanalolijua vizuri Wajapani ambao nusu ya mashariki ya nchi yao ni hezi 50 na ya magharibi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka za Marekani.

Kusafirisha nitapita haraka. Megawati moja ukiisafirisha kwa volti 10,000 ni ampia 100, na kwenye waya wenye ohmu 5 unapoteza wati 50,000 kama joto. Panda mpaka volti 100,000, ampia zinakuwa 10 na hasara inashuka mpaka wati 500. Mara kumi ya volteji, hasara moja ya mia. Ndo kazi ya transfoma, ambayo haizunguki wala haiongezi nishati, inabadilisha tu uwiano wa msukumo na wingi, ukiongeza volteji ampia zinapungua. Mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafiri kilomita 175 kutoka Lauffen mpaka Frankfurt na takriban robo tatu yake ikafika, na kuanzia hapo kiwanda hakikulazimika tena kukaa kando ya mto.

Turudi kwenye ile video. Tuseme mota inarudisha asilimia 90 na altaneta ya gari asilimia 60, na hapo nimekuwa mkarimu kidogo. Ukianza na wati 100, mota inatoa 90, altaneta inatoa 54. Zungusha tena, 29. Tena, 16. Na hapo taa haijawashwa. Wengine wanaongeza gurudumu zito wakisema ndo linaongeza nguvu, lakini gurudumu zito ni ndoo tu, linarudisha ulichomwaga ndani wakati unalizungusha, basi. Wengine wanabadilisha puli, kubwa huku ndogo kule ili altaneta ikimbie zaidi. Itakimbia kweli, ila nguvu ya kuisukuma inapungua kwa uwiano ule ule, kama gia za baiskeli. Wengine wanapanga sumaku za kudumu kwenye gurudumu, na sumaku ni kama mteremko, unachopata ukishuka kuikaribia utakilipa ukipanda kuiacha. Wanaouliza kwa nini gari la umeme lisifungwe altaneta kwenye magurudumu yote likajichaji njiani, jibu wanalo tayari kwenye vidole vyao kama walijaribu ile mota ya printa: magurudumu yangekuwa mazito, na mota ingetumia zaidi kuyasukuma kuliko altaneta zinavyorudisha.

Kwa hiyo mtu akikuletea kifaa cha hivyo akakuonyesha taa inawaka usiku kucha, jua kwamba taa ya wati 5 kwa saa 10 ni wati-saa 50 tu, na betri ya pikipiki ya volti 12 yenye ampia-saa 7 inabeba 84. Inaingia ndani ya boksi lolote na usiione. Mwombe achomeke jiko la koili la wati 1000 kwa saa hizo hizo 10, kwenye meza ambayo unaona chini yake. Hapo atahitaji uniti 10, na kuzificha kwenye betri za asidi za kawaida atahitaji betri za karibu kilo 300.